Kifua Kitakomaa

Katika kambi yetu ya mkonge, nje kidogo ya mji wa Korogwe, mdogo wangu alijulikana kwa vigelegele. Wapo wanaojulikana kwa mapishi, wapo wanaojulikana kwa ugomvi. Yeye watu walimfuata kwa vigelegele. Harusi ikiwa Kwashemshi, ujumbe unashuka: njooni na yule binti. Kwetu wapo wa msikitini na wapo wa kanisani, mara nyingine ndani ya nyumba moja, na wote walimwita bila kubagua. Alisimama nyuma ya akina mama, kiganja karibu na mdomo, macho ameyafumba. Kigelegele chake kikianza, wengine wanaanza naye, wanachoka, wanakata, wanavuta pumzi na kudakia tena, na chake bado kinakwenda. Watoto walihesabu kwa vidole. Mimi niliyemzidi miaka kumi na mbili, niliyembeba mgongoni mama akiwa kazini, nilihesabu moyoni. Ishirini na moja, ishirini na mbili. Hapo ndipo alipokata, kisha akacheka kama mtu ambaye hakufanya lolote.

Ninaanza na vigelegele kwa sababu ndivyo vilivyonijulisha kwamba kuna jambo. Kikohozi kisingenijulisha. Katika ukoo wetu kikohozi si habari.

Kwa asiyejua mkonge, nieleze kidogo. Jani likitoka shambani linapitishwa kwenye mtambo unaoponda na kukamua maji yake, zikabaki nyuzi tunazoziita singa. Mtambo huo tunauita korona tangu zamani za babu yetu, aliyeletwa huku akiwa kijana kukata mkonge na hakurudi tena kwao. Ule mwaka wa barakoa jina hilo lilituletea utani mwingi, watu wa kambini walisema, "Sisi tumeishi na korona miaka yote, mtatutisha nini?" Singa zikishaoshwa huanikwa juani kwenye nyaya, nazo zikikauka hupelekwa brashi. Brashi ni banda lenye mashine za kuchana. Mfanyakazi hushika fungu la singa kwa mikono miwili, hulisogeza kwenye ngoma inayozunguka kwa kasi, na singa zinatoka laini, zinang'aa kama nywele za maharusi. Kile kilichochanwa kinapaa. Ni vumbi jeupe, jepesi, halitui upesi. Linakaa kwenye kope, kwenye masikio, kwenye nyuzi za kanga iliyofungwa puani. Mama alirudi kila jioni na nyusi nyeupe, nasi watoto tulimkimbilia tukimwamkia, "Shikamoo bibi!" naye akaitikia kwa sauti ya kizee, "Marahaba, wajukuu zangu."

Anayeingia brashi mara ya kwanza hukohoa. Hilo linajulikana, wala halimshtui mtu. Hukohoa wiki ya kwanza, hukohoa mwezi wa kwanza, na wakongwe humpa kikombe cha maziwa ili yashushe vumbi. Pamoja na maziwa humpa neno: "Kohoa tu, mwanangu. Kifua kitakomaa." Mama aliambiwa hivyo akiwa msichana, naye akaja kuwaambia wengine. Alipochoka kusimama kwenye mashine alianza kufuga ng'ombe wawili, akawa ndiye anayepeleka maziwa brashi kila siku saa nne asubuhi, na neno lile akaendelea kulitoa papo hapo anapomimina. Ukitilia shaka unaoneshwa ushahidi. Ushahidi ni mama mwenyewe, zaidi ya miaka thelathini katika vumbi lile, na kifua chake hakijawahi kumsumbua. Ushahidi mwingine ni bibi mmoja kutoka Bungu ambaye alikuwa bado anachana singa wakati mjukuu wake anaolewa.

Mdogo wangu aliingia brashi akiwa na miaka ishirini na mbili. Mimi nilikuwa nimeshahamia Handeni, ninafundisha sayansi shule ya msingi, na nilimsihi aje akae kwangu, ajifunze ushonaji.

"Handeni kuna nini, dada?" akasema. "Mkaa na mbuzi?"

"Kuna mimi."

"Wewe utanifundisha sehemu za ua mpaka nizeeke."

Alikohoa, kama ilivyotarajiwa. Alikunywa maziwa ya mama. Mwezi ukapita, msimu ukapita, wenzake walioingia naye wakanyamaza, yeye akaendelea. Siku moja jioni alinipigia simu. Nilikuwa nimekaa barazani nasahihisha madaftari ya darasa la sita, simu nimeibana kwa bega.

"Dada, kifua kinanibana. Nikiamka ni kama mtu amenikalia."

"Ni vumbi."

"Nikiinama kufagia kinabana. Nikicheka kinabana. Halafu kuna sauti humu ndani, kama kifaranga aliyepotea. Lakini Jumapili, nikiwa siendi kazini, kinaachia. Isije ikawa pumu?"

Nakumbuka kalamu yangu haikusimama. Niliweka vema moja, nikaweka nyingine.

"Pumu? Wewe?" nikasema. "Pumu mtu huwa nayo tangu utotoni. Mimi ndiye niliyekulea. Ungekuwa na pumu ningejua kabla yako. Hayo ni mafua ya vumbi."

Alicheka kwa kufarijika. "Haya, mwalimu. Wewe ndiye unayejua."

Sikumdanganya. Niliamini hivyo. Utotoni jirani yetu alikuwa na mtoto wa pumu, na pumu kwangu ilikuwa sura ya mtoto yule: mabega juu, shingo imekonda, anatutazama tukicheza rede. Kwa miaka mingi nilikuwa nikichora mapafu ubaoni. Nilikuwa nikiwaambia watoto wafikirie mti uliopinduliwa, shina juu, matawi chini, na mwisho wa kila kijitawi kijifuko kidogo cha hewa. Nilijivunia mchoro ule. Sikuwahi kuwaambia kwamba mti ule unaweza kubadilika mtu akiwa ameshakua. Sikujua.

Miezi kadhaa baadaye binti wa mwalimu mwenzangu aliolewa Handeni, na nilimwita mdogo wangu aje atutie sauti. Alifika amevaa vizuri, amekonda kidogo, nikamsifia. Bibi harusi alipotoka ndani, akina mama wakamsukuma mbele. Akaweka kiganja, akafumba macho, akaanza. Nami nikaanza kuhesabu, kwa mazoea tu.

Kilikatika nilipofika tisa.

Watu walidhani ameona haya. Mama mmoja wa Kizigua, mcheshi wa shughuli zote, akapaza sauti: "Jamani, huyu pumzi zimemwishia hata mchumba hajapata! Akiolewa itakuwaje?" Watu wakacheka. Mdogo wangu naye alicheka, ila kicheko chake kiliishia njiani kama kigelegele kilivyoishia. Nilimkuta nyuma ya nyumba kando ya tangi la maji, mikono juu ya magoti, mabega yanapanda na kushuka. Nilikisikia kile kifaranga kwa masikio yangu.

Baada ya muda ikaachia. Akajifuta uso.

"Usimwambie mama," akasema.

"Uende hospitali."

"Nitakwenda."

Alikwenda zahanati, akapewa dawa ya kikohozi na vidonge, akaambiwa apumzike. Alipumzika siku mbili. Mama, ambaye aliambiwa na watu wengine maana kambini hakuna siri, alimchemshia majani ya mkaratusi, akamfunika blanketi ajifukize. Mvuke ulimkaba hata akalitupa blanketi na sufuria ikamwagika. Mama akasema dawa ni kali kwa sababu ugonjwa ni mkubwa. Kila mtu alikuwa na la kufanya na kila mtu alilifanya kwa upendo. Nikiwa Handeni, nami nilikuwa na langu: nilimpigia simu na kumweleza faida za kunywa maji ya moto.

Asubuhi moja, shule zikiwa zimefungwa, nilikuwa kambini. Ilikuwa kiangazi, upepo unavuma. Saa nne tulitoka na mama kupeleka maziwa brashi, yeye amebeba ndoo, mimi vikombe. Tulikuwa hatujafika mlangoni tulipomwona mdogo wangu anatolewa nje, amekamatwa huku na huku na wasichana wawili. Walimkalisha juu ya marobota. Vumbi lilikuwa kwenye nyusi zake, jeupe, kama zile nyusi tulizozoea kuzichekea.

"Imempanda ghafla," mmoja akasema. "Alikuwa anataniana nasi tu."

Mama alipiga magoti, akachota maziwa. "Kunywa, mwanangu. Kunywa, litashuka. Kunywa kidogo tu."

Hakuweza kumeza. Maziwa yalimtoka pembeni mwa mdomo, yakateremka shingoni, yakaingia kwenye kanga. Mama akachota tena.

Mimi nilifungua vifungo vya gauni lake. Nilimshika uso. Nilimwambia kwa sauti ile ile ninayotumia kwa mtoto aliyeshindwa kugawanya, "Vuta pumzi taratibu. Moja. Mbili. Vuta." Aliniangalia kama mtu anayesemeshwa lugha ya mbali. Baadaye nilikuja kuelewa. Shida yake kubwa haikuwa kuvuta. Hewa iliingia ikashindwa kutoka, matawi yamejibana, na kila alipovuta aliongeza juu ya ile iliyokwama. Nilikuwa namwambia aendelee kujijaza. Midomo yake ilianza kugeuka rangi. Shingoni palikuwa na kishimo kinachoingia ndani kila anapohangaika. Na alikuwa ananitazama mimi, si mama wala wale wasichana. Ananitazama mimi, mwalimu.

Mnyapara alisimamisha gari lililokuwa likipakia marobota, wakashusha machache kutupa nafasi. Safari ya hospitali si ndefu. Sitaieleza.

Walimwekea oksijeni, wakamwekea dawa ya mvuke kwenye barakoa ya plastiki. Muuguzi aliniambia niishike barakoa isisogee, nami nikashukuru kupata cha kushika. Mama alisimama miguuni pa kitanda. Mpaka saa saba mchana, mdogo wangu alipoanza kupumua kama binadamu na kupitiwa na usingizi, mama bado alikuwa na kikombe kitupu mkononi. Hakuna aliyemwambia akiweke chini.

Tabibu alikuwa msichana mdogo, umri wa wanafunzi wangu wa kwanza. Aliniamkia vizuri, akaketi ukingoni mwa kitanda cha jirani kilichokuwa kitupu, akatuambia ni pumu.

"Haiwezekani," nikasema. "Hakuwa nayo utotoni."

"Ndiyo, mwalimu. Ameipata sasa."

"Mtu anaipata ukubwani?"

"Anaipata. Watoto ni wengi, ndiyo maana tunadhani ni ya watoto. Lakini wapo wanaoanza na miaka ishirini, wapo wa thelathini, hata wenye wajukuu. Na wengine huipata kazini. Kinabana siku za kazi, Jumapili kinaachia?"

Nilikumbuka kalamu yangu na zile vema.

"Je, ni wengi?" nikauliza baadaye, kwa sababu mwalimu akishindwa hukimbilia maswali. "Wanaongezeka siku hizi, au ndiyo sisi tumeanza kuona?"

Alitabasamu kwa uchovu. "Hilo swali ni zuri, na mimi wa hapa siwezi kulijibu. Kuwajua wanaoanza upya, inabidi uchukue watu ambao leo hawana, uwafuate wale wale mwaka hadi mwaka, umwulize kila mmoja: bado huna? Mimi huku namwona anayeletwa. Asiyeletwa simjui." Kisha akamgeukia mama, akashusha sauti kwa heshima. "Mama, wewe ulifanya kazi brashi?"

"Nimezeekea humo," mama akasema. "Na kifua changu hiki hapa. Hukomaa, mwanangu. Huyu hakuvumilia tu."

"Ulianza na akina nani?"

Mama akashangaa, kama aliyeulizwa habari za harusi msibani. Lakini alianza kukumbuka, na alikumbuka vizuri. Walikuwa wasichana wa rika moja walioingia msimu mmoja, benchi moja. Alikuwepo mmoja mrefu wa Vugiri, hodari wa kuimba.

"Yuko wapi sasa?" tabibu akauliza.

"Alirudi kwao mlimani. Alisema hewa ya huku inambana."

"Mwingine?"

"Aliyezaa mapacha. Huyo alihamia Handeni kulima. Vumbi lilimshinda."

"Mwingine?"

"Yule wa Bungu, huyu bibi tunayemtolea mfano siku zote. Yeye tulikuwa naye mpaka juzi." Mama akatabasamu kidogo, kisha tabasamu likaondoka lenyewe. "Na dada mmoja wa Kizigua, alikuwa kama kiongozi wetu. Alikufa bado kijana. Nilikuwa na mimba ya huyu mwalimu."

"Alikufa na nini, mama?" Hapo niliuliza mimi.

"Walisema kifua."

Nje ya dirisha kulikuwa na mtu anafua nguo za wagonjwa, tunasikia maji.

"Mbona hujawahi kutuambia?" nikasema.

"Hamkuniuliza," mama akajibu, na hakuwa anajitetea. "Na walikuwa wameondoka. Mtu akishaondoka si wa brashi tena."

Kwa miaka yote ile tulikuwa tukiwaangalia waliobaki na kusema, tazameni, vifua hukomaa. Havikukomaa. Waliobanwa walifunga virago mmoja mmoja, kila mmoja na sababu yake ndogo, hewa, vumbi, mwito wa nyumbani, na waliobaki ni wale ambao tangu mwanzo wangebaki. Ni kama mimi nihesabu waliofika darasa la saba, kisha niseme hakuna mtoto anayeacha shule.

Hayo nimeyaelewa vizuri, naweza kumweleza yeyote. Ila kuyaelewa hakukumsaidia aliyekuwa amelala pale na plastiki usoni.

Tabibu alisema jambo moja zaidi aliponisindikiza mlangoni. Pumu ya kazini, alisema, ikigunduliwa mapema na mtu akaondoka kwenye kinachomdhuru, anaweza kupata nafuu kubwa. Akichelewa, mara nyingi inabaki. "Ilianza lini?" akauliza. Nilimwambia. Ulikuwa umepita mwaka na zaidi tangu ile simu. Akatikisa kichwa polepole, si kwa kunilaumu.

Nilimchukua mdogo wangu nikaenda naye Handeni. Alitoka hospitali na pampu mbili, ya bluu ya kufungua kifua kikibana, na ya kahawia ya kuvuta kila siku asubuhi na jioni, hata akijisikia mzima. Niligeuza sebule darasa. Nilimchorea mti uliopinduliwa. Nilimwonesha namna ya kutikisa, kutoa pumzi yote kwanza, kubana midomo, kuvuta, kushikilia. Nilihama jikoni kwa ajili ya moshi, nikawa napikia nje, upande ambao upepo unapeleka moshi mbali naye, tukala uani bada, ugali wetu wa muhogo, na kisamvu. Alipata nafuu haraka. Wiki ya tatu alikuwa akinicheka jinsi ninavyoinuka kila anapopiga chafya.

Nafuu ile ndiyo iliyoniponza. Pampu ya bluu aliipenda, maana ukiivuta unaona kazi yake. Ile ya kahawia haikumwonesha lolote.

"Hii ni hewa tu, dada."

"Siyo hewa. Inafanya kazi polepole. Ni kama kufagia uwanja. Usipofagia leo huoni tofauti, usipofagia mwezi mzima unapata pori."

"Jirani yako anasema ukishaizoea pampu huiachi mpaka kaburini."

"Jirani yangu anauza dagaa."

Alicheka. Halafu akanishika mkono, na alilosema alilisema kwa upole, ndiyo maana silisahau. "Unaeleza vizuri sana, dada. Kueleza kungekuwa dawa, ningekuwa nimepona zamani."

Mwisho wa mwezi alifunga mzigo. Mnyapara alikuwa ameulizia. Nilibishana naye mpaka nikaishiwa. Alikuwa na miaka ishirini na minne, kule ndiko kuna rafiki zake, jina lake, na kijana mmoja ambaye hakutaka kunitajia. Kwangu alikuwa mgonjwa wa mwalimu. Nilichoweza ni kumsindikiza na barua ya tabibu mkononi, nikamwamkia mnyapara mara mbili kwa wasiwasi, nikamwomba asimrudishe ndani ya banda. Mnyapara alisoma barua yote, akatutazama, akampa kazi ya anikoni, kwenye nyaya, nje. Ni mtu mwema. Angeweza kukataa.

Anikoni ni afadhali. Si salama. Singa zikikauka na upepo ukivuma, vumbi lipo. Pampu ya kahawia huwapo zahanati mwezi mmoja na mwezi unaofuata haipo, na ikikosekana yeye hasononeki kama ninavyosononeka mimi. Kila jioni nampigia simu. "Umeivuta ya bluu mara ngapi leo?" Ananijibu, "Mara moja tu," na siamini. Kwa hiyo nimejizoeza kusikiliza kitu kingine. Nasikiliza anapumzika wapi katikati ya sentensi. Siku nzuri anasema habari nzima ya ng'ombe wa mama kwa pumzi moja. Siku mbaya anakata baada ya maneno matatu, kisha ananiambia mtandao unasumbua.

Nami nasema, ndiyo, mtandao leo mbaya.

Jumapili moja, si siku nyingi zilizopita, kulikuwa na harusi kambini. Nilikwenda. Akina mama walimwita mdogo wangu kama zamani. Alifungua pochi, akajitenga kidogo na watu, lakini hakujificha, akavuta ya bluu. Wapo waliotazama na wapo waliogeuka. Halafu akarudi, akaweka kiganja karibu na mdomo, akafumba macho.

Nilikuwa nimeapa kutohesabu. Nilihesabu. Kilikatika nilipofika kumi na tatu, taratibu, bila kukwaruza, na akafumbua macho akanitafuta kati ya watu. Nilimpigia makofi mpaka viganja vikauma. Kumi na tatu si tisa. Si ishirini na mbili pia, na sote wawili tulijua huenda hakitafika huko tena.

Hapo kigelegele kingine kikadakia pale pale alipoishia. Kilikuwa kirefu, chembamba, kinapanda, kinapanda tena. Watu wakageuka. Alikuwa binti ambaye simjui, labda miaka kumi na tisa, ishirini, amevaa dera jipya. "Huyu ndiye aliyechukua mashine yako," mama mmoja akamwambia mdogo wangu kwa utani. "Sasa anachukua na harusi zako!" Mdogo wangu akacheka kwa moyo mweupe, akamvuta yule binti akamkalisha karibu naye.

Binti akakohoa. Kikohozi kidogo, kikavu, cha kuzuia kwa mkono.

Mama alikuwa jirani nao, kwenye meza ya vinywaji, na birika la maziwa ya chai mbele yake. Niliona mkono wake ukienda wenyewe kwenye kikombe. Alikijaza. Akakinyanyua kumpelekea binti, na mdomo wake ulikuwa umeshafunguka kulitoa lile neno. Kisha akasita. Alisimama pale na kikombe hewani, akamtazama mdogo wangu, akaitazama pochi mapajani mwake. Neno lile hakulisema. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilimsikia mama akiuliza badala ya kujibu.

"Mwanangu," akasema, "siku za Jumapili kinaachia?"

"Kinaachia kabisa, bibi," binti akasema, akipokea kikombe kwa mikono miwili. "Leo hata sikuwa nimekohoa mpaka sasa hivi. Wananiambia kitakomaa."

Mama akanigeukia, na mdogo wangu pia. Walikuwa wananisubiri mwalimu nieleze. Nilivuta kiti, nikakaa mbele ya yule binti, nikamwuliza jina, nikaanza tangu mwanzo, kwa utaratibu, ule mti uliopinduliwa, shina juu, matawi chini. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, huku akimalizia maziwa yake, na akaniambia, "Ahsante, mwalimu." Kesho yake ilikuwa Jumatatu.